Gari Lililoachwa Likiunguruma

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, chumba cha upelelezi, Jumanne alasiri
Kuhusu: wizi wa gari dogo jeupe, likiwa na mgonjwa ndani

Shahidi: Mama Pazia, ndivyo anavyofahamika kazini na mtaani
Umri: miaka 43
Kazi: mshonaji wa mapazia
Makazi: nyumba za mstari, nyuma ya kiwanda cha maziwa

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu na afande anaandika. Nimemwomba twende haraka kwa sababu baba mkwe wangu amelazwa, na simu yangu nimeiweka hapa mezani niione ikiwaka. Afande amekubali. Amesema ikiita nitoke nikaipokee.

Baba mkwe naishi naye tangu mke wake alipofariki. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, wiki hii yuko njiani na mpaka sasa hapatikani. Baba mkwe alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji huu walijifunza kurudi nyuma huku wakimwogopa yeye. Ana pumu, na tangu mwaka jana mguu wake wa kushoto hauna nguvu, hasimami bila kushikwa. Akili yake ni timamu kuliko yangu.

Gari ni la mume wangu, nami huliendesha akiwa safarini. Tangu baridi hii ianze limekuwa na tabia. Mchana linawaka kwa mguso mmoja, asubuhi linagoma. Jumamosi iliyopita nilimwita fundi wa umeme wa magari, yule anayeitwa Fyuzi, ambaye karakana yake iko barabara ya pili kutoka duka la dawa. Alifungua boneti, akapima, akatikisa kichwa.

Aliniambia, "Betri imezeeka, mama. Wakati wa joto inakudanganya. Baridi ikija ndiyo inasema ukweli."

Nilimuuliza baridi inaingiaje kwenye chuma. Akasema ile dawa iliyo ndani ya betri ikipoa inafanya kazi polepole, na oili ya injini nayo inakuwa nzito kama asali, kwa hiyo stata inaomba nguvu mara mbili kutoka kwa betri iliyobaki na nguvu nusu. Alisema betri ya saizi yake imeisha dukani, itakuja Alhamisi. Akanipa onyo. Safari zangu za kwenda sokoni na kurudi haziipi alteneta nafasi ya kuijaza, basi nikishaliwasha asubuhi nisilizime mpaka nifike ninakokwenda. Nilimwambia nimesikia. Kweli nilisikia, na hilo ndilo nililofanya leo.

Leo, Jumanne, baba mkwe aliamka akikohoa. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi tangu usiku, na dawa yake ya kupuliza, inhela, ilikuwa imekwisha. Tukakubaliana tupitie duka la dawa linapofunguliwa saa moja, kisha twende kliniki. Nilimlaza kiti cha nyuma kwa sababu mguu haumruhusu kukaa mbele, nikamfunika blanketi la kijivu. Kwenye buti nilikuwa na mapazia ya kijani ya mteja, niliyotarajia kuyapeleka mchana.

Saa kumi na mbili na robo nilizungusha ufunguo. Gari lilisema tk, tk, tk, basi. Taa za dashibodi zilififia zikawa kama makaa yanayokufa. Nje majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na pumzi zetu zilionekana humo humo ndani ya gari.

Baba mkwe akaniambia akiwa amelala, "Zima kila kitu. Taa, feni, redio. Kanyaga klachi mpaka chini uipunguzie stata mzigo. Sasa iache ipumzike, usiisumbue kama mtoto mwenye homa."

Nikaiacha. Nilipojaribu tena, injini iligeuka mara moja kwa uzito, kama mtu anayeinuka kitini akishika kiuno, ikaketi tena. Nikaanza kupiga usukani kwa kiganja. Yeye akasema, "Usukani umekukosea nini?"

Wafanyakazi wa kiwanda cha maziwa walikuwa wanapita kuingia zamu. Wanne walitusukuma. Niliweka gia ya pili, nikaachia klachi, gari likashtuka, likawaka. Mmoja wao alipiga paa mara mbili kutuaga.

Barabarani kulikuwa na ukungu. Nilihitaji taa, nilihitaji waipa, na nilihitaji feni ya hewa ya moto kwa ajili ya mgonjwa. Kila niliposimama kwenye makutano taa zilififia, nikikanyaga mafuta zinarudi. Baba mkwe aliliona hilo kwenye dari ya gari, mwanga unavyopanda na kushuka. Alisema, "Chagua, mwanangu. Huwezi kula vyote." Nikazima kipasha joto cha kioo cha nyuma, kwa sababu Fyuzi aliniambia zile nyaya za kwenye kioo zinakula umeme mwingi. Hili naomba liandikwe vizuri, nitalirudia. Nilikizima mimi, kabla ya kufika dukani. Vioo vyote vya nyuma vikafunga mvuke mzito kwa pumzi ya baba mkwe, vikawa vyeupe kama vimepakwa chokaa.

Saa moja na dakika chache nilisimama mbele ya duka la dawa. Nilivuta handibreki. Gari nililiacha likiunguruma, ufunguo ukiwa mahali pake. Afande ameniuliza kwa nini sikulifunga. Naona leo kila mtu ana jibu zuri la swali hilo, isipokuwa mimi. Nilidhani nitatumia muda wa kumeza mate. Nilimwambia, "Baba, nakuja sasa hivi." Akajibu akiwa amefumba macho, "Usiizime tu."

Mwenye duka la dawa ndiyo kwanza alikuwa anawasha taa za rafu. Alinipa inhela, nikaipokea. Nikasikia mlio wa gari umebadilika. Mimi cherehani yangu naijua kwa mlio, najua sindano imekufa kabla sijaona uzi. Nilijua kabla sijageuka. Nilipotoka nje gari lilikuwa limeshaacha ukingo wa barabara. Kupitia dirisha la dereva niliona bega la mtu mwenye koti la kahawia. Nyuma sikuona kitu, ila weupe wa kioo.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Dawa ilikuwa mkononi mwangu, na aliyeihitaji alikuwa anakwenda.

Mwenye duka ndiye aliyewapigia polisi. Mimi nilikimbilia kwa Fyuzi. Alikuwa anafungua lango la karakana, akanitazama mguu mmoja mtupu. Tukaingia kwenye pikapu yake, ile yenye viti vya nyuma. Ndani nikamweleza.

Alisema, "Hilo gari haliendi mbali. Asipolizima atafika popote anapotaka. Likizimika tu, kwisha kazi, halitawaka."

Tulizunguka sokoni, tukazunguka stendi, tukateremka mpaka daraja la reli na kurudi. Kila gari jeupe nililiona ni letu. Nilimwomba Mungu injini izime. Halafu nikafikiria ikizima feni nayo inazima, na baba mkwe atakaa ndani ya lile bati kwenye baridi bila dawa, nikamwomba isizime. Hapo hapo nikafikiria mwizi akigundua kuna mtu atamfanya nini, nikaomba izime tena. Nilikuwa naomba hivi na hivi mpaka Fyuzi akaniambia, "Mama, tulia, unavunja kitasa cha mlango wangu." Sikujua nilikuwa nimekishika.

Ilikuwa kama saa moja na nusu simu yangu ilipoita. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamume ilisema, "Mama, gari lenu limezimika. Njia ya zamani ya machimbo, kwenye matangi ya maji. Mzee anapumua vibaya. Anasema una dawa."

Nilimuuliza yeye ni nani.

Nilimsikia baba mkwe akikohoa nyuma yake. Kisha akasema, "Njoo na dawa."

Afande ameuliza namba yangu aliipata wapi. Ninayotumia ni laini ya marehemu mama mkwe. Alipofariki nilikuwa sina simu nzuri, nikarithi yake, na wateja wakaizoea. Baba mkwe hakumbuki namba ya mwanawe wala ya binti yake, lakini hiyo anayo kichwani. Ndiyo aliyomtajia.

Tulifika ukungu ukiwa bado mzito. Gari lilikuwa limesimama katikati ya kilima, boneti wazi. Hapakuwa na nyumba karibu, matangi tu na uzio. Nilifungua mlango wa nyuma. Yule mtu alikuwa ameketi ndani, amemwegemeza baba mkwe kifuani mwake akae wima, maana sasa akilala pumzi inakata. Koti la kahawia alikuwa amemvisha yeye. Mapazia ya mteja wangu alikuwa ameyatoa kwenye buti akamzungushia miguuni juu ya blanketi. Yeye mwenyewe alibaki na shati, na meno yake yalikuwa yanagongana. Ni mtu wa miaka kama thelathini. Midomo ya baba mkwe ilikuwa ya bluu.

Nilimpulizia dawa. Mara ya kwanza hakuweza kuivuta. Mara ya pili ikaingia. Yule mtu akawa anamhesabia taratibu, "Vuta mzee, shikilia, achia," kama aliyewahi kuuguza. Kwangu alisema hili tu: "Sikujua kuna mtu." Fyuzi alitaka kuchukua nyaya zake nene abusti betri kwa umeme wa pikapu, kisha akamtazama mgonjwa akasema, "Gari libaki hapo hapo."

Yule mtu alimbeba baba mkwe mgongoni mpaka kwenye pikapu. Alipomkalisha na kutaka kujitoa, baba mkwe alikuwa ameshika mkono wa shati lake na hakuuachia. Basi akaingia. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyemkaribisha. Tulikaa nyuma sisi watatu, mgonjwa katikati.

Njiani baba mkwe alisema vipande vipande. Nilimkataza asiseme, hajawahi kunitii. Alisema alikuwa usingizini, akaamshwa na gia. "Mtu anaendesha kilima kwa gia ya nne," alisema, "nikajua si wewe. Wewe kosa lako ni breki." Akakohoa. Yule mtu aliposikia kikohozi nyuma yake alishtuka, mguu ukateleza kutoka kwenye klachi, gari likadunda na kuzima. Akazungusha ufunguo, likasema tk, tk, tk. Akazungusha tena na tena. Baba mkwe akamwambia, "Utaimaliza kabisa. Zima taa. Zima feni. Subiri." Akasubiri. Ikawa mwizi na mwenye mali wameketi wanaingoja betri ipate nguvu. Haikupata. Akashuka kulisukuma peke yake, mlimani, halikusogea.

Ndipo akaondoka. Baba mkwe alifuta mvuke kiooni kwa kiganja, akamwona akiteremka kwa miguu mpaka ukungu ukammeza. Alisema alikaa pale akisikiliza kifua chake mwenyewe. Baada ya muda akasikia viatu kwenye changarawe.

Aliniambia hivi, na haya ni maneno yake, "Aliondoka, halafu akarudi. Usije ukalisahau hilo la pili."

Yule mtu alikuwa anatazama dirishani wakati haya yanasemwa. Nilimuuliza kwa nini aliliiba. Alisema alipita pale akaona gari linaunguruma bila mtu, na mikono ilikuwa inamuuma kwa baridi. Alisema mwanzoni alitaka joto. Sijui kama ni kweli. Mtu anayetaka joto hapandi mpaka machimbo. Sikumuuliza zaidi.

Tulifika hospitali karibu saa mbili. Baba mkwe aliwekewa hewa ya oksijeni. Yule mtu alibaki kwenye benchi la korido. Mlango wa kutokea ulikuwa hatua chache kutoka alipoketi, na hakuna aliyekuwa anamlinda. Askari walimkuta hapo hapo.

Wifi yangu, binti wa baba mkwe, alifika kabla yao. Aliuliza, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Akampiga kofi. Yule mtu hakuinua mkono. Kisha wifi akanigeukia. "Na wewe ukamwacha baba yangu na ufunguo, kama mzigo." Ni baba yake, na ufunguo niliuacha.

Nilipoitwa kuja hapa alinifuata mpaka ngazini. Alikuwa ameshatulia, akanishika mkono. Alisema, "Wifi, waambie alichungulia akamwona baba, na bado akaondoa gari. Hakuna atakayekuuliza mara ya pili." Nilimwambia sikuona hivyo. Akasema, "Hukuona kwa sababu ulikuwa ndani dukani. Kwa hiyo huwezi kusema hakuchungulia." Nimeyafikiria maneno hayo njia nzima. Ni maneno ya mtu mwenye akili.

Jibu langu ni hili. Ni kweli sikumwona akiingia kwenye gari. Lakini nilipotoka nje, gari likiwa hatua chache mbele yangu, nilitazama kioo cha nyuma nikimtafuta baba mkwe. Nilijua amelala upande gani, nilijua blanketi ni la rangi gani, na sikumwona. Kama mimi sikumwona, mpita njia angemwonaje? Vioo vilikuwa vimefunga kwa sababu kipasha joto nilikizima mimi, kuokoa umeme.

[Hapa shahidi alitoka kupiga simu hospitali. Alirejea akasema hali ni ile ile.]

Afande ameniuliza kama namwombea mtuhumiwa asamehewe. Sijaja kuomba. Lile gari aliliiba. Kama asingeligusa, baba mkwe angevuta dawa yake pale pale mlangoni pa duka, na sasa hivi angekuwa nyumbani ananikosoa. Hilo ni lake, alibebe. Nami niliacha ufunguo, hilo ni langu. Lakini nikisema alimwona mzee, nitakuwa nimemtwika la tatu ambalo si lake wala langu. Pia nikisema ni mtu mwema kwa sababu alirudi, nitakuwa nasema nisichokijua. Ninachojua ni kwamba alirudi, na kwamba alipiga simu kwa namba yake mwenyewe, akijua itaonekana.

Kuhusu gari, Fyuzi amelivuta mpaka kwenye karakana yake. Ameniambia kwa simu kwamba hakuna kilichoharibika kwenye mfumo wa umeme. Alteneta ni nzima, stata ni nzima, nyaya ni nzima. Jua lilipotoka saa sita alijaribu ufunguo, likawaka kwa mguso mmoja. Alisema hivyo kama mtu anayeomba radhi.

Niliyoyaona kwa macho na niliyoyasikia kwa masikio yameishia hapa. Sijaongeza wala sijapunguza, na sina mengine.

NYONGEZA, kabla ya kutia sahihi

Simu imeita nami nimetoka nikaipokea. Ni wifi. Baba mkwe amefariki. Hakuwa na maneno mengi, alilia tu, nami nikamsikiliza mpaka akakata.

Afande ameniambia naweza kurudi kesho. Nimesema hapana, kesho sijui nitakuwa mtu wa namna gani. Ameniuliza kama sasa, kwa hali ilivyo, nataka kubadilisha lolote. Nimemwomba anisomee tena ile sehemu ya vioo. Amesoma. Ndivyo ilivyokuwa. Nimemwomba anisomee ile ya kuondoka na kurudi. Amesoma. Ndivyo baba alivyoniambia. Sibadilishi.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA ASKARI MWANDISHI

Nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, bila vitisho wala ahadi. Nimemsomea yote naye ameyakubali. Ametia sahihi kwa mkono wake, baada ya kuomba akae kidogo kwanza. Nimemtafutia gari la kituo limpeleke hospitali.

Jalada litapelekwa kwa mkuu wa upelelezi jioni hii, kwa kuwa shitaka linaweza kubadilika. Mtuhumiwa yuko mahabusu. Tangu alipofikishwa ameuliza mara mbili hali ya mzee. Hajajibiwa.